Habari za Juu

Alikuwapo Chiriku, fundi wa kutunga nyimbo, ambaye tangu mumewe alipofariki hakuimba tena. Kila asubuhi jirani yake Fuko, asiyeona, alitoa kichwa shimoni na kumuuliza, "Shemeji, huko juu kuna nini leo?" Chiriku alimjibu kwa mkato: umande umening'inia kwenye utando wa buibui, au ua la boga limefunguka.

Siku moja akachoka. "Niache, Fuko. Nyimbo zimeniisha."

"Sijafuata wimbo, shemeji," Fuko akasema taratibu. "Mafuriko yalipotuchukulia wanetu, mke wangu aligeukia ukutani, hali wala hasemi. Haya maneno yako mafupi nampelekea yeye. Jana nilipomwambia ua la boga limefunguka, aliomba chakula."

Chiriku akainama, akatazama chini kwa makini. "Mwambie sisimizi wawili wamebeba bawa la kipepeo. Mmoja anavuta huku, mwenzake kule."

Fuko akazama shimoni. Punde sauti dhaifu ya kike ikatoka ardhini: "Na nani ameshinda?"

Chiriku akashuka tawini kwenda kuangalia, na njiani akashtukia anaimba.