Mchemraba wa Baba Kavitha

Visalakshi alikwama tena kwenye safu ya mwisho. Pembe moja ilikataa kugeuka, na vidole havikukumbuka viizungushe wapi. Akauweka mchemraba mezani, akafumba macho.

"Bibi amelala," alisema msichana mdogo mwenye bangili, ambaye mchemraba wake alikuwa ameshaupanga zamani.

"Sijalala, nimechoka. Ukifika umri wangu utaijua tofauti yake."

Darasa lilikuwa juu ya duka la vitamutamu mjini Coimbatore, kusini mwa India: chumba kimoja, feni inayozunguka kwa kusuasua, na harufu ya samli ikipanda kutoka chini. Kila Jumamosi mchana watoto walijaa humo kujifunza kupanga michemraba ya rangi, ile inayozungushwa safu kwa safu mpaka kila upande uwe na rangi moja, ili waende mashindanoni. Wengine hawajang'oka hata meno ya utoto. Katikati yao alikaa Visalakshi, mjane wa miaka sitini na moja, magoti yakimuuma kwa zile ngazi, sari yake ingali inanuka vitunguu vya jikoni kwenye bweni la wasichana alikopika tangu alfajiri.

Mwalimu wao, Yazhini, alikuwa bado mwanafunzi wa chuo. Yeye aliuanza mchezo huu akiwa na miaka saba. Alivuta kiti, akaketi kando ya yule mama.

"Mama, tuishie hapa leo. Utaendelea Jumamosi ijayo."

"Nionyeshe tena."

"Nimekuonyesha mpaka nimechoka mimi."

"Basi tumechoka sote. Nionyeshe."

Yazhini akacheka, akamwonyesha.

Siku ya kwanza alipopanda ngazi zile, Visalakshi alikuwa amemweleza kilichomleta. Mumewe, ambaye hakumtaja kwa jina ila Baba Kavitha, alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nyuzi. Mwaka aliostaafu alinunua mchemraba kwenye sherehe za hekaluni. Tangu hapo, kila akishakula chakula cha mchana, alikaa barazani akiupindapinda. Mkewe alimsema sana.

"Mtu mzima na mvi zako, unachezea vitu vya watoto."

"Niache, umebaki kidogo," alijibu bila kuinua kichwa.

Ulibaki kidogo miaka yote ile. Mwaka juzi, mchana mmoja wa joto, aliuweka rafuni karibu na redio, umevurugika vile vile, akaenda kujinyoosha kitandani. Hakuamka.

Yazhini hakutaka kuambiwa zaidi. Aliapa moyoni kwamba mama huyu atajua kupanga, hata kama wengine wote watashindwa mashindanoni.

Kazi haikuwa nyepesi. Alichojua Visalakshi wiki hii, wiki ijayo kilikuwa kimemtoroka. Watoto waliokuja nyuma yake walijifunza, wakampita, wakaanza kumfundisha. Binti yake, Kavitha, alimpigia simu kutoka Chennai akamkanya.

"Mama, si upumzike? Unajitesa kwa sababu gani? Njoo ukae na sisi."

"Nitakuja. Kuna jambo namalizia."

Mara nyingi, akiwa kituo cha basi na miguu imevimba, alijiambia kwamba harudi tena kule juu. Jumamosi ikifika alijikuta ameshika kishikio cha ngazi.

Siku moja aliuliza, "Yazhini, mtu akiujua mchemraba sawasawa, anaweza kuufikisha kokote anakotaka?"

"Akiujua sawasawa, unamtii."

Visalakshi aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye pembe yake.

Pembe hiyo iligeuka siku ya jua kali, saa ambayo hata feni ilikuwa imezimika kwa kukosa umeme. Aligeuza safu mara ya mwisho, akasita, akatazama. Ni yule msichana wa bangili aliyeona.

"Bibi amemaliza."

Watoto wakapigapiga meza. Visalakshi hakucheka. Aliugeuza mchemraba upande huu na huu kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele, kisha mabega yakamshuka.

"Sasa ni zamu ya ule wa baba," alisema Yazhini, machozi yakimlenga. "Uulete Jumamosi ijayo, uumalize mbele yetu."

"Ninao hapa. Huwa nakuja nao kila Jumamosi."

Alitoa kwenye mkoba wake kifurushi cha taulo jeupe la mumewe, akalifungua pole pole. Yazhini akainama kutazama. Halafu akamtazama yeye.

Kila upande wa mchemraba ulikuwa na rangi moja.

"Mama, lakini huu umeshapangwa."

"Mkwe wangu huyo, mume wa Kavitha. Tulikusanyika kwa kumbukumbu ya mwaka mmoja, akauona rafuni. Aliupanga akiwa amesimama, chai yake haijapoa, akanikabidhi. Kijana mwema, alijua ananipa zawadi. Nikamshukuru."

Akausukuma mchemraba mpaka mbele ya mwalimu.

"Mwaka mzima kabla ya hapo niliufuta vumbi kila asubuhi bila kuugeuza hata mara moja, kwa hiyo kila rangi najua aliiacha wapi. Kuupanga nimeshajua. Sasa nifundishe kuuvuruga, uwe vile alivyouacha."