Kwa Hali au kwa Mali

"Kila nyumba ichangie ukarabati wa daraja la kutazamia mamba, kwa hali au kwa mali," sheria ilisema. Hatukuwa na bati la ziada wala misumari, kwa hiyo mume wangu, Mashauri, aliandika "hali", akidhani atabeba zege. Angeuliza tu, mjinga yule niliyempenda! Kumbe hali ni mwili.

Leo daraja limezinduliwa, na Mashauri akasukumwa kutoka juu yake. Mamba walimng'oa mkono, wakamzungusha majini hadi akakatika kiunoni, na watu juu wakapiga makofi.

Nyumbani nilimsomea mama mkwe cheti: "Asanteni kwa mchango wa awamu ya kwanza."

Hakulia. Aliangalia paa letu.

"Mkamwana," alisema, "lete nyundo. Tuanze kung'oa bati."