Chupa ya Bi Gesine

Chubwi la risasi, lile zito la kuzamishia ndoana, lililala kwenye kitako cha chupa ya kupelekea maji maabara kama yai lililotagwa. Bi Gesine Lührs aliliacha lilowe kwenye maji na siki hadi saa mbili asubuhi, kisha akaliopoa na kulirudisha kwenye mkoba wa kuvulia wa marehemu mumewe.

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Tangu sheria ishushe kiwango cha risasi kwenye maji, mafundi bomba wa mji wa Lübeck hawakuwa na nafasi hata ya kupiga chafya. Fundi Hinnerk Lohse alikuwa ameng'oa mabomba yote ya zamani ya risasi katika jengo lile na kuweka mapya. Maji yalipopimwa, wapangaji wote walipata majibu safi, isipokuwa Bi Gesine. Kila majibu yake yalipotoka mabaya, Lohse alirudi, akatoboa ukuta, akanywa kahawa, wakataniana mpaka mchana.

“Mabomba mapya kabisa,” alinung'unika safari hii, kichwa ndani ya kabati la sinki. “Jiko hili lina shetani.”

“Au lina fundi mzee.”

“Mzee? Kati yetu nani alimwona Nuhu akiranda mbao?”

Bi Gesine alicheka. Lohse akatoka kabatini, akafuta mikono, na uso wake haukuwa na utani tena.

“Watu wa mamlaka ya maji wameniletea barua, Bi Gesine. Majibu yakizidi mara ya tatu, wananifuta kwenye orodha ya mafundi wa maji. Miaka arobaini na moja, kwa mkwaruzo mmoja wa kalamu.” Akaweka chupa tupu mezani. “Kesho naifuata. Naipeleka maabara mwenyewe.”

Bi Gesine alitaka mtu wa kunywa naye kahawa, si kumkatia mtu riziki. Chupa ikienda safi, Lohse hatakuwa na sababu ya kurudi. Ikienda chafu, fundi amekwisha.

Asubuhi alilitupa chubwi mtoni. Hata bomba lake hakuliamini tena: alishuka dukani, akanunua maji yasiyo na gesi, yale ya kukorogea maziwa ya watoto wachanga, akaijaza chupa hayo.

Lohse alipokuja, Bi Gesine alimpa mkono na kuushika wake kwa muda mrefu kidogo kuliko desturi.

“Kwaheri, fundi.”

“Haya, Bi Gesine.” Akaitia chupa kwenye mfuko wa koti, akashuka ngazi.

Wiki moja baadaye kengele ililia. Lohse alikuwa mlangoni, karatasi ya maabara mkononi, bila sanduku la vifaa.

“Risasi imezidi kiwango mara nne,” alisema, akikitazama kizingiti. “Wamenifuta.”

Kisha akavua viatu, akatoa sapatu zake za nyumbani kwenye mfuko ule ule wa koti alimotia chupa, na kipande cha bomba la zamani la risasi kikadondoka nazo. Akakisukumia pembeni kwa mguu, akazivaa sapatu, akauliza kama kahawa iko tayari.