Vyeti vya Twalibu

Asubuhi hiyo kila simu ya zahanati ilikataa kufungua barua pepe. Cheti cha usalama cha seva, kile kinachozihakikishia simu kuwa mashine ya barua ni ya kuaminika, kilikuwa kimekwisha muda wake, na majibu ya damu ya mtoto mgonjwa, yaliyosubiriwa kutoka hospitali kubwa, yalikwama njiani.

Tunu aliketi mbele ya mashine hiyo, aliyoifunga marehemu mumewe Twalibu, akaanza kutengeneza cheti kipya. Palipotakiwa jina la msimamizi aliandika T, akasita. Majina yao yote mawili yalianza hivyo.

"Andika lako, mwanangu," alisema Bi Rukaya, muuguzi mkuu, akimshika bega. "Twalibu mwenyewe angekwambia hivyo."

"Angenicheka kwanza."

"Tena sana."

Tunu aliandika jina lake, akabonyeza. Punde simu zikaanza kulia ukumbini. Bi Rukaya aliyasoma majibu ya mtoto, akapiga makofi. "Dawa yake tunayo!" akasema, akatoka mbio.

Ilibaki kazi ya kufuta vyeti vilivyopitwa na wakati. Twalibu hakuwahi kutupa hata kimoja, kama vile makopo ya rangi aliyoyarundika uani kwao. Tunu alivifuta kimoja kimoja, vyote vikiwa na jina la mumewe, huku akinong'ona kwa tabasamu, "Na hiki je, ulikitunzia nini?"

Kikabaki cha mwisho. Tunu alisogeza kiti karibu, akaegemeza shavu kiganjani, akalitazama lile jina. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kitufe.