Jino Ndani ya Kopo

Mpiga gitaa aliyealikwa chai aliganda mbele ya gitaa lililotundikwa sebuleni kwa Lieve, bibi mzee ninayemtunza hapa Uccle, Ubelgiji. Ni kopo la mafuta, fimbo na nyaya za breki za baiskeli. Karatasi chini yake inasema aliyeliunda, kijana Mtuareg wa jangwa la Sahara, alifia vitani.

"Nililiunda mimi, kambini," mgeni alisema. "Ndani nilitia jino la utotoni la dada yangu, ili sauti ikwaruze. Yeye mwenyewe hatukumpata hata tumzike."

Lieve alicheka. "Bon, haya, tusikie."

Mgeni alilishusha, akagusa waya mmoja. Sauti ilitoka kavu, na nyuma yake kitu kidogo kikatetema ndani ya bati hadi waya uliponyamaza.

Lieve hakucheka tena. Alimpokonya gitaa, akalirudisha ukutani.

"Watu wa makumbusho wanakuja kesho kulinunua," aliniambia mimi, si mgeni. "Wanataka gitaa la marehemu, si la mtu aliye hai. Mtoe huyu."

Mlangoni mgeni alinishika mkono. "Maman, wewe umelisikia lile jino."

Nilifikiria kazi yangu, na karatasi zangu za ukaazi zinazoitegemea.

"Sijasikia kitu, tonton," nikasema, kama kwa mjomba wangu, nikafunga mlango.