Kanga na Habari za Kunguru

Palikuwa na Kanga mmoja, mama mwema ila mwenye hasira za karibu. Siku moja alikuwa ameatamia mayai yake, Kunguru akamjia anahema.

"Bi Kanga, umetulia tu? Nguchiro anajigamba kote kuwa mayai yako ni kitoweo chake!"

Kanga hakuuliza alisema lini wala mbele ya nani. Alichomoka kiotani mpaka shimoni kwa Nguchiro, akaanza kumdonoa huku akimporomoshea matusi.

"Hebu ngoja, Bi Kanga," Nguchiro alisema kwa sauti iliyokauka. "Tangu juzi homa imenilaza humu, hata maji sijaenda kunywa. Nani kakwambia maneno hayo?"

"Kunguru! Kwa mdomo wake!"

"Naye umemwacha wapi?"

Kanga aligeuka akatimua mbio kurudi kwake. Alikuwa amemwacha kiotani, peke yake na mayai.