Mgongoni mwa Picha

"Mke wangu katoka vizuri," mteja alisema, akiibandua picha kwenye dirisha la studio yangu. "Nyumbani hacheki hivi."

Mimi huwapiga picha wapendanao mitaani bila wao kujua, kisha huzibandika pale dirishani. Hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote: wawili kwenye benchi, binti anacheka hadi kichwa kimemwangukia kijana begani.

Kidole gumba cha mteja kilikuwa kimeukandamiza uso wa kijana, mpaka ukucha umegeuka mweupe.

"Ya zamani hiyo, kaka," nilidanganya. "Hata sikumbuki niliipigia wapi."

Akaigeuza. Na mimi, kwa ujinga wangu, kila picha huiandika mgongoni ili nijue pa kuwapata tena: *Bustani ya posta, benchi la tatu. Wapo kila Alhamisi, saa kumi.*

Alisoma polepole, midomo ikichezacheza. Kisha akatazama saa ya ukutani, nami nikaitazama. Saa kumi kasoro robo. Na leo ni Alhamisi.

"Asante, dada yangu," alisema kwa upole. Akaiacha picha mezani, akatoka bila haraka yoyote.